Rispa na mifupa ya Songea

Kila mwaka, mwishoni mwa Februari, mji wa Songea hupokea wageni wengi. Wazee wa Kingoni huvaa mavazi yao ya jadi, ngoma ya lizombe huchezwa, wanafunzi hupelekwa na walimu wao kwenye Makumbusho ya Majimaji, na viongozi huweka mkuki, ngao na mashada ya maua kwenye kaburi la pamoja. Kilele chake ni Februari 27, siku ambayo mwaka 1906 utawala wa Kijerumani uliwanyonga viongozi na wapiganaji wa Kingoni. Wanaokumbukwa ni mashujaa 67, akiwemo mwanamke mmoja, Mkomanile, na nduna Songea Mbano, ambaye mji huo umebeba jina lake.

Mwaka mmoja, baada ya habari za kumbukizi hiyo kuonyeshwa kwenye televisheni, kijana wa darasa la kipaimara aliniuliza swali. Tulikuwa tumemaliza kipindi na wenzake walikuwa wanapanga viti ukutani. Akasema, "Mwalimu, shuleni tumefundishwa kwamba walionyongwa Songea ni mashujaa. Hapa kanisani tumesikia kwamba askofu na masista waliouawa katika vita hivyo hivyo ni mashahidi wa imani. Sasa Mungu alikuwa upande wa nani?"

Nilimwambia tutazungumza wiki ijayo. Wiki iliyofuata nikaja na somo jingine, naye hakuuliza tena.

Mpenzi msomaji, makala ya leo ni jibu lililochelewa. Nimeona nilitoe hadharani kwa sababu swali la kijana yule si lake peke yake. Ni swali la Mkristo yeyote anayesimama kwenye kumbukizi za mapambano ya uhuru wa nchi hii, iwe Songea, iwe Nandete kule Kilwa, iwe Moshi alikonyongwa Mangi Meli mwaka 1900. Tunaimba wimbo wa taifa, tunainamisha vichwa, kisha tunarudi kanisani ambako habari hiyo hiyo husimuliwa kutoka upande wa pili, au haisimuliwi kabisa.

Tuanze na yaliyotokea. Vita vya Majimaji vilianza Julai 1905 katika vilima vya Umatumbi, pale watu wa Nandete walipong'oa miche ya pamba. Pamba ile haikuwa yao. Walilazimishwa kuilima katika mashamba ya pamoja chini ya usimamizi wa maakida, kwa malipo madogo, huku mashamba yao ya chakula yakiota majani. Juu ya hapo kulikuwa na kodi ya kibanda na viboko. Kule Ngarambe, Kinjikitile Ngwale alikuwa akiwagawia watu maji yaliyoaminiwa kwamba yangezigeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Yeye alinyongwa Mohoro Agosti 4, 1905, vita vikiwa bado vichanga. Lakini maji yalikwisha kusafiri. Yalifika Mahenge, yakafika Masasi, yakafika Ungoni. Makabila ambayo hayakuwahi kupigana bega kwa bega, mengine yakiwa maadui wa jana, yalisimama pamoja.

Maji hayakuzuia risasi. Agosti 30, 1905, maelfu ya watu waliishambulia boma ya Mahenge na kukutana na bunduki za rashasha. Baada ya hapo Wajerumani walitumia silaha kali kuliko risasi, nayo ni njaa. Walichoma vijiji, wakachoma maghala, wakaharibu mazao shambani. Taarifa za Wajerumani wenyewe zilikiri vifo 75,000. Wanahistoria waliochunguza baadaye wamekadiria kati ya 250,000 na 300,000. Wengi wao hawakushika mkuki. Walikuwa kina mama, watoto na wazee waliokufa kwa kukosa chakula, na hakuna aliyeandika majina yao popote. Upande wa Wajerumani walikufa Wazungu 15 na Waafrika 389, yaani askari na wasaidizi wao. Hao 389 nao walikuwa na mama zao.

Je, vita hivyo vina uhusiano gani na uhuru uliopatikana Desemba 9, 1961, zaidi ya miaka 50 baadaye? Mwalimu Nyerere aliuona uhusiano huo. Mwaka 1956, akizungumza mbele ya Umoja wa Mataifa jijini New York, aliwakumbusha wajumbe kwamba watu wetu walipigana kwa sababu hawakukubali kwamba mtu mweupe ana haki ya kumtawala mtu mweusi. TANU ilichagua njia nyingine, ya kudai uhuru bila kumwaga damu. Lakini iliwahesabu wale wa 1905 kuwa watangulizi wake. Ndiyo maana tunapokusanyika Songea hatukumbuki ugomvi wa kabila moja. Tunakumbuka mwanzo wa kauli ambayo taifa zima lilikuja kuimalizia.

Sasa tuje upande wa kanisa. Agosti 14, 1905, karibu na Liwale, askofu Cassian Spiss wa Wabenediktini aliuawa akiwa safarini kwenda Peramiho, misheni aliyoianzisha mwenyewe mwaka 1898. Pamoja naye waliuawa mabruda wawili, Andreas na Gabriel, na masista wawili, Felicitas na Cordula. Sista mwingine, Walburga, alipoteza maisha wakati misheni ya Nyangao iliposhambuliwa. Misheni ya Waanglikana ya Masasi iliharibiwa. Peramiho nayo ilichomwa moto. Masista wale hawakuwa watoza kodi, wala hawakumpiga mtu kiboko. Ndugu zetu Wakatoliki wa kusini wanawakumbuka kwa heshima, na wana haki ya kufanya hivyo.

Lakini kwa nini kanisa lilishambuliwa? Hapa ndipo wengi wetu huharakisha kufunga kitabu. Jibu la haraka ni kwamba wapiganaji walikuwa wapagani walioichukia Injili. Simulizi ambazo wasomi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walizikusanya kwa wazee wa Ungoni miaka ya 1960 zinasema zaidi ya hapo. Zinaeleza kwamba kabla ya vita, padre mmoja wa Peramiho alichoma kibanda cha mahoka cha Nkosi Mputa, mahali ambapo chifu huyo aliwaheshimu wahenga wake. Kwa padre, pengine ile ilikuwa ibada ya sanamu. Kwa Mputa, mgeni alikuwa ameingia nyumbani kwake na kuchoma kaburi la baba yake. Vita vilipofika, watu wa Mputa hawakuona tofauti kati ya boma na misheni, kwa sababu misheni yenyewe haikuwa imewasaidia kuiona tofauti hiyo.

Jambo la pili ni gumu zaidi. Kabla ya kunyongwa Songea, wafungwa walitembelewa na padre mmisionari, Johannes Häfliger, aliyewafundisha na kuwaomba wabatizwe. Baadhi walikubali. Wengine walikataa, wakafa katika imani ya baba zao. Tafakari hali hiyo, ndugu yangu. Watu ambao miezi michache kabla walikuwa wamepokea maji ya Ngarambe ili wasife, sasa wanapokea maji ya ubatizo wakijua kwamba watakufa. Na anayewamwagia maji hayo ni Mzungu, kama wale waliowahukumu kunyongwa.

Simhukumu padre yule. Huenda alikuwa ndiye Mzungu pekee aliyeketi nao chini akawatazama usoni kama watu wenye roho. Wala sisemi ubatizo wao haukuwa ubatizo. Kanisa limefundisha tangu zamani kwamba neema ya Mungu haitegemei usafi wa mkono unaomwaga maji. Ninachosema ni kwamba habari hii ni yetu. Haipo upande wa serikali peke yake wala upande wa makumbusho peke yake. Pale kwenye kitanzi kanisa lilikuwepo, na Februari 27 ni siku yetu pia.

Kijana aliuliza Mungu alikuwa upande wa nani. Katika Yoshua sura ya 5 kuna mtu aliyeuliza swali la namna hiyo. Yoshua, akiwa karibu na Yeriko, alimwona mtu amesimama na upanga mkononi, akamuuliza kama yuko upande wao au upande wa adui zao. Yule mtu alikataa upande wowote. Alisema amekuja kama amiri wa jeshi la Bwana. Yoshua akaanguka kifudifudi, akaamriwa avue viatu.

Tusilisome andiko hilo vibaya, kana kwamba Mungu hajali nani anaonea na nani anaonewa. Mungu yule yule, katika Kutoka sura ya 3, aliona mateso ya watu wake Misri, akasikia kilio chao kwa sababu ya wasimamizi wao, akashuka. Mungu anayesikia kilio cha mtu anayelazimishwa kufyatua matofali anasikia pia kilio cha mtu anayelazimishwa kupalilia pamba. Kwa hiyo tuseme wazi kwamba madai ya watu wa 1905 yalikuwa ya haki. Utawala uliowaletea njaa watoto wao ulitenda dhambi mbele za Mungu, hata kama ulikuwa na kanisa kila Jumapili.

Lakini madai kuwa ya haki hakufanyi kila mkuki uliorushwa kuwa wa haki. Mauaji ya masista waliokuwa safarini hayatakaswi na ubaya wa kodi ya kibanda. Vivyo hivyo, damu ya masista haitakasi kamba za Songea. Amiri wa jeshi la Bwana hakukubali kuandikishwa katika jeshi la mtu. Alimtaka Yoshua avue viatu kwanza. Nadhani hapo ndipo kumbukizi ya Mkristo inapoanzia: kusimama bila viatu mbele ya wafu wote.

Kuna andiko jingine ambalo kila nikilisoma naiona Songea. Ni 2 Samweli sura ya 21. Nchi ya Israeli ilipigwa na njaa miaka mitatu mfululizo. Daudi akauliza kwa Bwana sababu yake, akaambiwa ni damu ya Wagibeoni ambayo Sauli aliimwaga, ingawa Israeli ilikuwa imewaapia amani. Sauli alikwisha kufa na kizazi kipya kilikuwa kimeshika madaraka, lakini ile damu ilikuwa haijazungumzwa. Wagibeoni wakadai wanaume saba wa nyumba ya Sauli. Mfalme akawatoa, wakatundikwa mlimani mwanzoni mwa mavuno ya shayiri. Wawili kati yao walikuwa wana wa mwanamke aliyeitwa Rispa.

Rispa hakuwa na jeshi wala cheo. Alichukua gunia, akalitandika mwambani, akaketi karibu na maiti. Mchana aliwafukuza ndege, usiku aliwafukuza wanyama wa mwituni, tangu mavuno mpaka mvua ziliponyesha. Maandiko hayataji neno hata moja alilolisema. Alikataa tu kuwaacha.

Habari zikamfikia Daudi, yule yule aliyewatoa wale saba. Mfalme hakutuma askari wa kumwondoa mwanamke asiaibishe serikali. Aliondoka, akaenda Yabesh-gileadi kuitwaa mifupa ya Sauli na Yonathani iliyokuwa mbali na kwao. Mifupa ya wale saba nayo ikakusanywa, ikafanyika maziko katika kaburi la Kishi, baba yake Sauli. Na Biblia inasema ni baada ya hayo ndipo Mungu alipoyasikiliza maombi kwa ajili ya nchi. Walikuwa wameomba miaka yote mitatu. Maombi yalisikilizwa mifupa ilipofika nyumbani.

Songea tunayo sura hiyo karibu nzima. Tunao walionyongwa. Tunayo njaa. Tunao pia mfupa ulioko mbali. Nduna Songea Mbano alinyongwa siku chache baada ya wenzake, na familia yake imesimulia kizazi hadi kizazi kwamba kichwa chake kilichukuliwa na Wajerumani na kupelekwa kwao. Rispa pia tunao. Ni wale wajukuu na vitukuu wa walionyongwa, ambao kwa zaidi ya karne moja wamekataa kuwaacha wafu wao, hata miaka ambayo hakuna mgeni aliyefika wala kamera iliyowashwa.

Novemba 1, 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea. Alitembelea makumbusho, akakutana na familia ya Songea Mbano, akaeleza aibu yake na kuomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatendea wahenga wetu. Aliahidi pia kwamba nchi yake itasaidia kukitafuta kichwa cha nduna. Miezi michache kabla, watafiti wa makumbusho ya Berlin waliokuwa wakichunguza mafuvu yapatayo 1,100 yaliyochukuliwa Afrika Mashariki walitangaza kwamba, kwa vipimo vya vinasaba, wamepata jamaa walio hai wa watu watatu kutoka Kilimanjaro. Mafuvu 1,100! Mengi yao yamekaa kwenye makabati kwa zaidi ya miaka 100 yakiwa na namba badala ya majina.

Tuipokee toba hiyo kwa moyo mweupe. Mtu akiinama, Mkristo hamkanyagi. Lakini katika imani yetu toba ina matunda. Zakayo hakuishia kusema samahani, alirudisha mara nne. Yusufu alipofia Misri aliwaapisha ndugu zake kwamba mifupa yake isibaki huko, na Musa, usiku ule wa haraka wa kutoka, aliibeba. Mwisho wa kitabu cha Yoshua ikazikwa Shekemu. Mungu wetu ni Mungu anayejali mifupa irudi nyumbani. Kwa hiyo tunapoiombea serikali yetu na ya Ujerumani katika mazungumzo yao, tuombe hilo kwa jina, tusiishie kuomba "uhusiano mwema".

Ila nisingependa tumalizie Berlin, maana ni rahisi kumdai Mjerumani toba na kusahau ya nyumbani. Katika kitabu cha Nehemia sura ya 9, watu waliokuwa wamerudi kutoka utumwani walisimama wakaungama dhambi zao na maovu ya baba zao. Walikuwa wameonewa kweli, na bado waliungama. Sisi nasi tunayo ya kuungama. Wangoni walipofika kusini katika karne ya 19 wakitokea Afrika Kusini, waliwatiisha Wandendeule na kuwashambulia majirani wengine. Waafrika waliovaa sare za Mjerumani walichoma maghala ya Waafrika wenzao. Na kanisa, lililopaswa kuwa mdomo wa wasio na mdomo, mara nyingi lilikaa meza moja na mkuu wa boma.

Je, kumbukizi zetu za leo zinasema hayo? Zinasema kwa sehemu. Nazipenda kwa sababu zinafanya kazi ambayo vitabu havijaweza: zinamweka mtoto wa darasa la tano mbele ya kaburi na kumwambia kwamba hawa ni watu wako. Makongamano, safari za kutembelea maeneo ya vita, na wazee kupewa kipaza sauti ni mambo mema. Hata kipato cha mama ntilie na wenye nyumba za wageni wiki ile si dhambi. Lakini tukio lolote la namna hii lina hatari mbili. Ya kwanza ni hotuba kumeza historia, ikawa siku ya viongozi kuonana badala ya siku ya wafu kusikika. Ya pili ni kusimulia ushujaa peke yake, bila njaa, bila wanawake, bila waliokuwa upande wa pili. Historia ya namna hiyo hupigiwa makofi, lakini mtoto anapokua na kugundua kilichofichwa, huacha kuiamini yote.

Kanisa lina nafasi gani? Mpaka sasa, sehemu nyingi, nafasi yetu ni dakika tatu za sala ya kufungua. Mchungaji au padre huitwa, huomba pamoja na shehe, kisha hukaa jukwaani akisubiri chakula. Nadhani Mungu anatudai zaidi.

Kwanza, tufungue makabati yetu. Misheni za zamani zina vitabu vya ubatizo, barua, shajara na picha ambazo hazipo mahali pengine popote. Majina yaliyokosekana kwenye makaburi yanaweza kuwa kwenye karatasi zetu. Parokia au usharika wenye miaka 100 unaweza kuchagua Jumapili moja ya Februari, ukaweka mezani nakala za kumbukumbu zake na kuwaalika majirani wote, Wakristo na Waislamu, waje waone.

Pili, vijana wetu wawe wakusanyaji. Wanafunzi wa miaka ya 1960 walikwenda vijijini na madaftari, wakawahoji wazee ambao walikuwa watoto wakati wa vita. Bila wao tungebaki na taarifa za Wajerumani peke yake. Wazee hao wamekwisha kulala, lakini wajukuu wao wapo, na wapo pia wazee walioiona TANU ikiingia kijijini na bendera ikipandishwa 1961. Kila kijana wa kipaimara ana simu yenye kinasa sauti. Badala ya kumpa kazi ya kukariri peke yake, tumpe pia kazi ya kukaa na bibi yake saa moja na kumuuliza alisikia nini kwa bibi yake.

Tatu, tuwe na sala moja. Miaka mingi Februari 27 huangukia ndani ya Kwaresima au kwenye kizingiti chake, wakati ambao tunakumbushwa kwamba sisi ni mavumbi. Nawaota waumini wa madhehebu yote wa kusini wakitembea pamoja hadi kwenye kaburi la Songea, na pale, mbele ya wazee, wakisoma majina yote: Mkomanile na Spiss, Mputa na Felicitas, Songea Mbano na Walburga, kisha wakinyamaza kimya dakika nzima kwa ajili ya wale maelfu wa njaa wasio na majina. Wapo watakaosema ni kuchanganya mashujaa na maadui. Lakini mvua ya Mungu huwanyeshea wote, na udongo wa kusini umekwisha kuwachanganya.

Nne, tusiwaonee aibu waliokataa ubatizo. Kati ya walionyongwa, waliokataa walikuwa na sababu zao, na baadhi ya sababu hizo tuliwapa sisi. Hukumu yao iko kwa Mungu mwenye haki. Kazi yetu ni kuhakikisha kwamba mtu wa leo anayelikataa kanisa halikatai kwa sababu alituona tumekaa upande wa mwenye kiboko. Swali hilo halikuisha mwaka 1906. Mkulima anaponyang'anywa shamba leo, kijana anapopigwa bila kosa, kijiji kinapohamishwa bila kusikilizwa, watu hutazama kuona msalaba umesimama wapi.

Kijana wangu, sasa umekuwa mtu mzima na huenda hata hukumbuki kwamba uliniuliza. Jibu langu ni hili. Mungu aliwasikia waliolazimishwa kulima pamba. Mungu aliwalilia masista kule Liwale. Mungu alikuwa chini ya kitanzi pale Songea, maana hata Mwanawe aliuawa na dola kwa kutundikwa mtini, akiwa na wahalifu kulia na kushoto. Na baada ya yote kwisha, Mungu alikaa na wale waliobaki wakilinda maiti.

Ukiniuliza sasa tukae wapi, nitakuambia tuketi kwanza na Rispa, kwenye gunia, mpaka mifupa ifike nyumbani.

Bwana atujalie moyo wa kukumbuka bila kuchukia, na kusamehe bila kusahau. Jumapili njema.